Mvuvi wa Saruji Mwenye Uso Wangu

Kwa miaka kadhaa, mtu yeyote aliyeshuka ufukweni Uvira, pale mitumbwi inapovutwa nchi kavu, alikutana kwanza na uso wangu ukiwa na masharubu. Ulikaa juu ya mwili wa mwanamume mwenye kifua kipana, wavu begani, naye mzima alikuwa wa saruji, au sima kama tulivyozoea kusema. Aliyemtengeneza alikuwa mume wangu. Hakuniomba ruhusa. Siku nilipopata habari, masharubu yalikuwa yamekwisha kukauka.

Naeleza ilivyokuwa kwa sababu watu wa Uvira wameshaieleza kwa namna zao, na katika nyingi ya namna hizo mkosaji ni mimi.

Mume wangu alikuwa fundi wa sanamu. Alijifunza kuchonga watakatifu wa mbao misheni, akaondoka siku padri alipomuuliza kwa nini Yosefu amepewa pua ya Kivira, ya watu wa kwetu. Alijibu kwamba ndiyo pua aliyoiona zaidi. Baadaye akaajiriwa na watu wa serikali waliokuwa wakijenga barabara na madaraja ya bonde la Ruzizi, na huko akakutana na saruji, akaipenda kuliko alivyowahi kupenda mbao. Mbao zinaliwa na mchwa, alisema. Saruji haina adui.

Mabaki ya mifuko aliyaomba, na kila alipopita aliacha kitu. Kwetu Songo aliweka kichwa cha mamba kwenye bomba la maji, maji yakawa yanatoka kinywani. Wanawake walirudi kuchota mtoni kwa wiki nzima. Wa kwanza kutega ndoo chini ya meno yale nilikuwa mimi, si kwa ujasiri, bali kwa sababu nilikuwa mke wa mwenye mamba na sikuwa na pa kujificha. Kule Mutarule, penye banda la kupimia pamba, alisimamisha ng'ombe mwenye pembe ndefu. Wachungaji wa Kirundi wakaja, wakamzunguka, wakampapasa, kisha wakamwambia kwa upole kwamba ng'ombe wake anachechemea mguu wa nyuma wa kushoto. Alirudi Mutarule kwa baiskeli mara tatu kumponya.

Wazungu walimtaka awatengenezee ndovu wadogo wa kuweka mezani. Alikataa. Hata mimi nilipomwomba kigoda alikataa, tena si mara moja.

"Kitu ya ndani inaonwa na watu watano," aliniambia. "Kitu ya njiani inaonwa na kila muntu, hata ule haitaki."

Kwa hiyo Katogota walikuwa na korongo wa saruji kando ya barabara, Mutarule walikuwa na ng'ombe, Songo tulikuwa na mamba, na nyumbani kwa fundi mwenyewe tulikalia masanduku ya sabuni. Nilikuwa na hasira na jambo hilo miaka saba mfululizo, na sioni sababu ya kuificha leo.

Sasa niseme habari za ndugu yangu, maana bila yeye mvuvi asingekuwapo.

Nilikuwa na mdogo wangu mmoja wa kiume, mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Alitoka na wenzake wakati wa giza la mwezi, upepo ukashuka kutoka milimani, na kesho yake mtumbwi ukaonekana karibu na Kalundu, umepinduka. Wenzake wawili waliokotwa. Yeye hakuokotwa. Ziwa letu lina kina kirefu na halirudishi kila kitu.

Kwetu mtu asiyeonekana anazikwa hivi: wanakata shina la mgomba lenye kimo chake, wanalifunga kwenye mkeka, wanalilia, wanalifukia. Baada ya hapo watu wananyoa, wanaoga, wanakula, matanga yanaisha. Baba yetu alikuwa amekwisha kufa, hivyo kaka yake, baba yangu mkubwa, ndiye aliyekuja na panga na kuchagua mgomba mzuri. Mama akamtazama akiukata, akamtazama akiufunga. Kisha akasema:

"Minye sikuzala mugomba."

Basi, ikaishia hapo. Shina liliozea uani. Mama akakaa chini kwenye mkeka, hakunyoa, hakukalia kiti, wala hakuonja samaki. Nani anakaa Uvira bila kula samaki? Alikula ugali na sombe, majani ya muhogo, kwa mwaka mzima, na mwaka wa pili ukaanza. Alikonda mpaka bangili zikawa zinamvuka kwenye kiwiko. Baba mkubwa alimsihi, padri alimsihi, mimi nilimsihi na kumfokea, kisha nikamsihi tena. Alikuwa anasikiliza vizuri kabisa, halafu anajibu kwamba yeye hakuzaa mgomba. Niliogopa kwamba ningekuja kumzika yeye kabla hatujamzika mwanawe, na kila asubuhi nilipokuwa nikienda kumwona nilianza kusikiliza tangu njiani kama kuna kilio.

Mume wangu ndiye hakumsihi, kwa sababu hakuweza kusema naye. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Akimwona njiani, yeye anaingia kwenye majani, na mama anajishushia kikwembe, kitambaa chake cha kujitanda, kutoka kichwani hadi puani. Wakiwa na neno, mimi napeleka na mimi narudisha, hata kama wamesimama hatua tatu na wanasikiana. Katika miaka saba ya ndoa yetu, alichokijua mume wangu cha mama yangu ni miguu, kwa kuwa mtu aliyeinamisha kichwa lazima atazame mahali.

Wakati huo ndipo mkubwa wa serikali, Mzungu, alipomwita ofisini. Sikukuu yao ilikuwa inakaribia, na alitaka ufukweni isimamishwe sanamu ya mvuvi, kubwa kuliko mtu, kwa heshima ya kazi. Alitoa amri moja tu: sanamu isifanane na mtu yeyote, yeye mkubwa asije akasumbuliwa na mashauri ya watu. Mume wangu alirudi nyumbani akitembea haraka, na alikula bila kutazama sahani. Sanamu ya kweli, ufukweni, mbele ya watu wote wa ziwa! Hakulala vizuri wiki ile na mimi sikulala kabisa.

Shida ikawa uso. Hawezi mtu kutengeneza uso wa hewani, alisema. Lazima kuwe na mtu, halafu unamficha. Lakini nani angekubali? Sanamu zote tulizozijua zilikuwa za watakatifu na za Bwana Yesu msalabani, na hao wote walikwisha kufa. Watu walifanya hesabu yao: anayewekwa kwenye sanamu hufa. Mume wangu alipokuwa akishuka ufukweni na bonge lake la udongo, wavuvi walijifunika nyuso kwa nyavu. Mmoja aliyekuwa akimdai deni la zamani alimsamehe papo hapo, ili tu aondoke.

Akaja kwangu. Alisema: yupo mvuvi mmoja ambaye sanamu haiwezi kumdhuru tena.

Nikamwambia ajaribu, ila kama hatafanana naye nitaivunja kwa mchi.

Alianza na mfano wa udongo. Aliuchimba kando ya mto Kalimabenge, akaukanda, akafinyanga mtu mwenye urefu wa mtoto mchanga. Ulikaa jikoni kwangu, umefunikwa gunia, na kazi yangu ilikuwa kulilowesha gunia lile kila asubuhi ili udongo usipasuke. Alianza na miguu. Nilidhani ni kawaida ya mafundi, kama nyumba inavyoanzia kwenye msingi. Nilipofunua gunia siku ya tatu nilichuchumaa niitazame kwa karibu. Ilikuwa miguu ya ndugu yangu: kisigino kipana, kidole cha pili kirefu kuliko dole gumba, na kile kidogo cha mwisho kimempanda jirani yake. Nilimuuliza amekumbukaje. Alisema amekumbuka tu, akaenda kutafuta nondo.

Uso ulimshinda. Picha ya ndugu yangu ilikuwapo moja tu, ya timu ya mpira, na humo amegeuka kumtazama mtu aliyekuwa akipita. Mume wangu alikuwa amemwona kila siku kwa miaka mitano, lakini alisema uso unaouona kila siku ndio usioukumbuka. Alifinyanga, nikasema si yeye. Alifinyanga tena, nikasema huyo ni padri. Wa tatu alikuwa baba mkubwa akiwa na usingizi. Mwisho alipitisha kidole gumba juu ya uso wote, ukabaki laini kama yai, akasema ataumaliza hukohuko kwenye saruji.

Watu walimshauri amtazame mama. Ndugu yangu alikuwa mama mtupu, tangu paji la uso hadi vidoleni, kila mtu alijua hivyo. Walimshauri hivyo kisha wakakumbuka mama ni nani kwake, wakaomba radhi.

Basi alizungushia matete mahali pale ufukweni, akajifungia humo na nondo zake, waya na ndoo. Alikuwa akibandika saruji kidogo kidogo, akiikwangua, akiilowesha. Wakati huohuo nilianza kuona kwamba ananitazama anapokula. Nilifurahi. Mwanamke wa miaka saba ya ndoa, mumewe anamtazama hivyo mpaka ugali unapoa, mwacheni afurahi. Nilitafuta kikwembe changu kizuri nikakivaa siku za kazi.

Siku chache kabla ya sikukuu aliyaondoa matete ili kulainisha mikono ya sanamu. Mimi nilikuwa sokoni nanunua unga. Muuza unga alinitazama, akatazama kule ziwani, akanitazama tena.

"Weye," akasema, "kumbe uko na masharubu?"

Kabla sijapima unga, soko zima lilikuwa limeshacheka. Nilishuka kuona mwenyewe. Nilikuwa pale, mrefu kuliko nyumba yetu, nakazia macho ziwa. Ukweli ni kwamba ilikuwa kazi nzuri sana, na ndilo lililoniudhi zaidi.

"Sikuweza kumutazama mama yako," mume wangu aliniambia kutoka juu ya mbao alizosimamia. "Nikakutazama weye. Munafanana."

"Na masharubu?"

"Bwana Mukubwa alisema isifanane na muntu."

Nilikuwa bado natafuta jibu nilipoona wavuvi wanatawanyika. Mmoja akapiga kelele: "Mukwe wako iko anakuja!"

Mama alikuwa anateremka njia ya Songo na jembe begani. Mwanamke aliyekuwa hajatoka uani mwake zaidi ya mwaka, ambaye nilimwinua kwa mikono miwili kumpeleka msalani, alikuwa anashuka mwenyewe, haraka, nywele zimemsimama, na watu wanampisha. Habari za sokoni zilikuwa zimemfikia: binti yake amewekwa kwenye sima. Alishapoteza mmoja. Hakuwa na nia ya kumpoteza wa pili kwa ajili ya sikukuu ya Wazungu.

Mume wangu alikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Angeweza kusimama mbele ya sanamu na kuitetea kazi kubwa kuliko zote alizopata kufanya, ambayo ikivunjwa angeingia gerezani. Au angeweza kumpisha mama mkwe wake. Aliruka kutoka kwenye mbao na kukimbilia nyuma ya mitumbwi, akajikunyata huko na kujifunika kichwa kwa shati. Hakuna mvuvi hata mmoja aliyemlaumu. Wala hakuna aliyemzuia mama.

Alipofika, kwa kuwa alijua mkwe wake yuko karibu, kikwembe alikuwa amekishusha hadi puani. Hakuona uso wa sanamu. Aliona kilichokuwa chini ya kikwembe: miguu. Aliinua jembe, na jembe likabaki juu.

Sijui lilikaa juu kwa muda gani. Kisha akalishusha polepole, akaliweka chini mchangani, akachuchumaa. Akavua kandambili. Akasogeza mguu wake ukakaa kando ya mguu wa saruji. Kisigino kipana na kisigino kipana. Kidole cha mwisho kimempanda jirani yake, hapa na pale. Akakishika kile cha saruji kwa vidole viwili, jinsi mtu anavyomwondolea mtoto mwiba.

"Nani alimuonyesha miguu ya mutoto wangu?" akaniuliza.

Hapo ndipo na mimi nilipoelewa. Nilimwambia kwamba hakuonyeshwa na mtu. Aliichukua kwake yeye mama, maana miguu yake ndicho kitu chake pekee ambacho mkwe alikuwa amewahi kukiona.

Mama alihesabu kwa vidole.

"Miaka saba yote!" akasema.

Nyuma ya mitumbwi shati lilivutwa chini zaidi.

Akamtuma mkwe wake, kupitia kwangu, ageukie milima. Nikapeleka neno ambalo amekwisha kulisikia, akageuka. Mama akapandisha kikwembe, akaangalia juu kwa mara ya kwanza.

"Uso ni yako," akasema.

"Najua, mama."

"Masharubu haiko yako."

"Hapana, mama."

"Nilikuja kuivunja juu weye usikufe," akasema. Nilikaa mchangani kando yake tukalia wote wawili, mbele ya wavuvi, chini ya uso wangu. Sikuona haya. Alikuwa amekuja na jembe kwa ajili yangu, na mimi kwa mwaka mzima nilikuwa nimeamini kwamba ananikumbuka pale tu ninapomletea ugali.

Alipojifuta aliniambia nimuulize mkwe kama kuna mwingine, aliye mdogo, ambaye mtu anaweza kumbeba.

"Anauliza kama kuna—" nikaanza.

"Ule wa udongo," sauti ikajibu kutoka nyuma ya mitumbwi. "Iko kwako, jikoni."

Sikukuu ilifanyika. Walipiga ngoma, walipandisha bendera, mkubwa alivuta kitambaa. Alimtazama mvuvi kwa muda, kisha akanitazama mimi niliyekuwa mstari wa mbele, kisha akamtazama mvuvi. Akamuuliza fundi kama ana hakika sanamu haifanani na mtu yeyote. Mume wangu alisema hakuna mtu Uvira nzima mwenye uso ule na masharubu yale. Hilo halikuweza kupingwa, wakaendelea na hotuba.

Wiki iliyofuata tulimzika ndugu yangu. Mume wangu alichimba shimo asubuhi kwenye migomba ya mama, halafu akajitenga kabla mama hajatoka. Mama alitoka amembeba yule wa udongo, amemfunga kwenye kikwembe cha harusi yake. Baba mkubwa alikunja nguo kidogo aone ni kitu gani wanamzikisha.

"Haiko na uso," akasema.

"Uso niko nayo minye," mama akajibu. "Uyu nilimuzala. Fukia."

Nilimwona mume wangu nyuma ya migomba, kofia mkononi. Ule mfano aliukanda mwenyewe kwa wiki nyingi. Mimi niliyeulowesha kila siku najua ulikuwa bora kuliko mvuvi wa ufukweni, bora kuliko ng'ombe hata baada ya kupona. Tulioona ukishushwa tulikuwa watano, pamoja na mke wa baba mkubwa, kama unamhesabu na mume wangu. Baba mkubwa akarudisha udongo juu ya udongo, na hata sisi watano hatukuuona tena.

Ilibaki faini. Kumchungulia mama mkwe miguu miaka saba ni kosa, na baba mkubwa aliamua mtungi wa kasiksi. Mama alikataa pombe. Alisema anataka kigoda, kwa sababu amechoka kukaa chini. Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho mume wangu alichonga kwa ajili ya ndani ya nyumba, kitu cha kuonwa na watu watano, kilikwenda kwa mama yangu. Mimi nilibaki na sanduku langu la sabuni.

Siku alipokileta alikiweka mlangoni akaondoka mbio. Mama alikuwa amenyolewa asubuhi hiyo, kichwa kinang'aa. Alikigeuzageuza kigoda, akakitikisa aone kama kinachechemea, akakikalia. Nilimwekea ugali, na pembeni nikaweka sahani ya ndagala. Nikaenda kusimama mlangoni nikimpa mgongo. Nilisikia anatafuna. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Chumvi imepita," akasema. "Weye haujajua kupika mpaka leo."

Nikatoka nje, nikapita migomba, nikalia hadi kikwembe kikalowa. Mume wangu alikuwa hukohuko, kwenye majani, hajaenda popote.

"Amekula?" akaniuliza.

"Amekula," nikamwambia. "Anasema chumvi imepita."